Udongo wa Jioni

Mvua ilipoikataa Kitengela mwaka wa 2000, wenye ng'ombe walihama kutafuta majani. Parmuat, mwana wa kwanza wa Resian, alikusanya mifugo yote ya nyumbani aelekee nayo upande wa Namanga. Mama yake aliwaachilia wote isipokuwa mmoja, Mugie, jike wa rangi ya kahawia.

"Yeyo, mama yangu, huyu atakufia hapa," Parmuat alisema. "Hakuna hata jani moja."

"Mugie haendi mahali."

Parmuat hakubishana na mama yake, maana sababu aliijua. Mugie alikuwa ng'ombe wa dada yake mdogo, zawadi ya bibi yao, na mtoto mwenyewe ndiye aliyempa jina alipoanza tu kusema. Homa ilimchukua mtoto kabla hajaonja shule. Kwa kina Resian jina la aliyekufa halitajwi tena nyumbani, hata na mama mzazi. Basi Resian akabakiwa na jina la ng'ombe. Kila jioni alisimama mlangoni pa boma akaita, "Mugie! Mugie!" Ng'ombe akaitika, na moyo wa mama ukatulia. Si jambo la kuchekwa. Kila mtu ana pale anapoegemea.

Karibu na boma, upande wa Kisaju, palikuwa na machimbo ya mawe yaliyokwisha. Wenye nyumba za kupanga za Kitengela walikuwa wameyageuza shimo la taka na, ajabu ni kwamba, walilitengeneza vizuri. Chini walishindilia udongo mzito na kutandika nailoni nene, ili maji machafu yasizame hadi visimani. Bomba liliyatoa na kuyapeleka kwenye kidimbwi chake. Seng'enge ilizunguka kote. Takataka za mchana trekta ilizikanyaga zikalala, na kabla jua halijatua zikafunikwa udongo. Inzi hawakupata pa kutua, moshi haukuwepo, na mbwa walirudi kwao na njaa yao.

Dereva wa trekta alikuwa Makokha, mtu wa Bungoma, mpole, aliyepanga chumba Kitengela na mkewe na binti yao Shirleen. Wakati wa neema Resian alikuwa akimpelekea maziwa.

Siku moja Resian alisimama kwenye seng'enge, Mugie kando yake, mbavu nje. Ndani aliona majani ya kabeji na maganda ya viazi yakingoja kuzikwa. Uchungu ulimpanda. Chakula kinafukiwa na ng'ombe anakufa njaa!

"Baba Shirleen, hiyo kabeji si unipatie kwanza?"

"Hiyo ni takataka, Mama Parmuat. Iko na kila kitu ndani. Hapa ni lazima ilale chini ya mchanga kila jioni."

"Sijasema usifunike. Ngoja tu kidogo. Mugie akule, halafu ufunike."

Makokha alimtazama ng'ombe, kisha akamtazama mama. Habari za mtoto alikuwa amezisikia, naye alikuwa na wake nyumbani. Angesema hapana, lakini nani angeweza? Akazima trekta, akafungua lango.

Ikawa ndiyo desturi. Jioni Makokha alingoja na Mugie akala. Sasa, watu wa nyumba za kupanga hawana subira ya kutenganisha kitu. Maganda, mafuta ya nyama, chumvi iliyomwagika, vyote hufungwa kwenye karatasi moja ya nailoni, fundo gumu. Resian alifungua mafundo aliyoyawahi. Mengine Mugie aliyameza mazima, kwa sababu yalinukia chumvi. Resian alimwona akilamba nailoni, akafurahi. Ng'ombe anayetafuta chumvi ni ng'ombe anayepona. Ndivyo alivyofundishwa na mama yake, na mama yake hakuwahi kuona karatasi ya nailoni.

Tumbo la Mugie likajaa. Resian aliliita shibe, akamshukuru Mungu na Makokha kwa pumzi moja. Kisha Mugie akakataa kabeji, akakataa maji, akakataa kusimama. Alikufa mchana, kichwa kikiwa mapajani pa Resian.

Jirani yao Samuel ndiye aliyempasua. Alitoa donge la nailoni kubwa kama sufuria ya ugali, akaliweka chini. Fundo moja lilikuwa bado limefungwa. Resian alilifungua kwa vidole. Ndani mlikuwa na maganda ya viazi, meusi, ambayo hayakumlisha mtu wala ng'ombe.

"Ni mimi nimemuua," Makokha alisema huku akilia. "Kazi yangu ilikuwa kufunika."

"Ni mimi nilikwambia ungoje."

Nyama hakuna aliyeitaka. Walimvuta Mugie hadi shimoni, mbwa wasije wakamfikia. Makokha alipanda trekta, mikono ikakaa tu kwenye usukani. Alikuwa akingoja, kama alivyozoea, macho yake kwa Resian.

"Funika, Baba Shirleen," Resian alisema. "Leo usiningoje."

Jioni hiyo, saa ya kuita ilipofika, alisimama mlangoni pa boma akafungua mdomo. Jina la mtoto lilikuwa mwiko. Jina la ng'ombe halikuwa na wa kuliitikia. Alisimama hivyo hadi baridi ikamwingia, kisha akavuta matawi ya miiba, akalifunga boma lisilokuwa na kitu.