Pamba Upande wa Mashariki

Majivu ya mama yalikaa juu ya friji tangu Aprili, kati ya boksi la konfleksi na redio. Bibi, mama yake mama, alikuwa akija kila Jumapili baada ya kanisa. Akifika anayatazama kwanza, halafu ndiyo anavua kofia.

"Glen, huyo ni mwanangu, siyo sukari. Mzikeni."

"Bado, mama," baba anajibu. "Tunasubiri nyota."

Baba alikuwa ameapa. Mama hazikwi mpaka angani kuwe na nyota ya mkia inayoitwa Schirmer. Schirmer ni jina la ukoo wa mama, hakulibadilisha alipoolewa. Sisi wengine ni Pascoe. Mama alitafuta nyota ya mkia tangu kabla sijazaliwa, na hakupata hata moja. Kila alfajiri isiyo na mwezi alikuwa nje na darubini yake, ile aliyoiunda mwenyewe kwa bomba nene la kadibodi. Baba wakati huo alikuwa analala. Alikuwa anamtania, anamwambia, "Renate, ukiipata niletee na maziwa."

Alipokufa, baba akaanza kutoka yeye. Hakujua chochote. Siku ya kwanza aliitazama taa ya lori kwenye barabara iendayo mji wa Orroroo akaniita kwa kelele. Kwa hiyo nikawa natoka naye, maana mama alinifundisha. Sikutoka kwa sababu nina hamu. Nilitoka kwa sababu niliitwa. Mwaka huu mambo mengi nayafanya hivyo.

Kutafuta kwenyewe ni hivi. Unainamisha darubini chini mashariki, juu kidogo ya vilima, unaisogeza taratibu kutoka kushoto kwenda kulia. Halafu unapandisha kidogo, unarudi. Hutafuti mkia. Zile hafifu hazina mkia wa kuonekana, ni kama kipande cha pamba kimesahauliwa kwenye giza, na ukikikazia macho kinapotea. Lazima utazame pembeni yake. Agosti kwetu ni baridi, majani yanageuka barafu, na buti za baba zinalia kracha kracha nyuma yako huku anakuuliza kila saa, "Vipi? Vipi?"

Alfajiri moja nikasema, "Baba, kuna pamba."

"Ni nyota ya mkia?"

"Usiitaje!"

Akajiziba mdomo. Ndiyo desturi yao wanaotafuta, au angalau ilikuwa desturi ya mama: jina hilo halitajwi mpaka kitu kimehama. Nyota hazihami, na mawingu yale ya mbali yaliyo kwenye ramani ya nyota hayahami. Kikihama kati ya leo na kesho, ndipo unasema. Mama alikuwa akikukamata umetaja mapema anakuoshesha vyombo vya wiki nzima.

Nikaligonga bomba kwa kidole. Pamba ikatikisika pamoja na nyota, basi halikuwa doa la mwanga ndani ya kioo. Nikafungua ramani kwa tochi nyekundu. Mahali pale hapakuwa na kitu. Halafu kukapambazuka, ikafutika.

Siku hiyo baba, ambaye ndiye dereva wa basi la shule, aliipita shule bila kusimama. Watoto wakapiga kelele, "Bwana Pascoe, shule hiyoo! Unatupeleka Perth?" Mimi nilikaa kiti cha mbele nikatazama barabara, kama kawaida yangu.

Kesho yake nikatazama tena. Ilikuwa imeziacha zile nyota mbili ndogo, imesogea kando.

"Imehama," nikasema. Nilisema kama mtu anayesema bomba linavuja.

Baba akanibeba juu na koti na tochi na kila kitu. Ndevu zake zilikuwa zimelowa. Mimi nilikuwa nawaza vidole vya miguu, kwamba sivisikii.

Tukampigia anko Merv. Merv Tilbrook ni mzee mwenye kondoo upande wa pili wa vilima, ametafuta muda mrefu kuliko mama, naye hajapata. Walikuwa wanashindana na mama, wanatukanana kwenye simu, kisha wanapeana mbegu za nyanya. Na wana sharti lao: ukipigiwa uthibitishe, unatazama, unasema ipo au haipo, basi. Si yako. Hata kama ungeifikia mwenyewe baada ya nusu saa, si yako tena.

Hakutupa jibu kwa simu. Alikuja na gari, akaingia bila hodi, koti juu ya pajama. Baba alikuwa anachoma tosti.

"Ipo," akasema Merv. Akakaa. "Nimeangalia zote zinazojulikana. Hiyo hakuna anayeijua. We binti, hakuna anayeijua!"

"Waandikie barua pepe wale wanaoziandikisha," baba akasema. "Andika Schirmer."

"Nani aliiona kwanza?"

"Elke."

"Basi ni Pascoe."

"Nimesema Schirmer, bwana."

Merv akamtazama, akanitazama na mimi. "Glen, hii haitolewi zawadi. Inachukua jina la mtu aliyeiona kwa jicho lake. Marehemu haoni, ndugu yangu."

Sharti hilo nilikuwa nalijua tangu mdogo. Sijui kwa nini halikunijia kichwani miezi yote hiyo. Au lilinijia nikalipita tu.

"Kwa hiyo hata ningetafuta mpaka nizeeke," baba akasema taratibu.

"Ungepata Pascoe. Pascoe wa kwanza, Pascoe wa pili."

"Na ulinyamaza?"

"Nilijua unatafuta kwa raha zako! Nani aliniambia habari za kiapo?"

Baba akacheka. Kilikuwa kicheko kibaya, kimetoka puani. Tosti ikaungua, hakuna aliyeinuka. Halafu akaniambia bila kunitazama, "Ni yako, mwanangu. Itume ukitaka."

"Atume sasa hivi," Merv akasema. "Dunia nzima inatazama mashariki, mwingine atakuwahi. Elke, tuma!"

"Ichukue wewe, anko."

Akaruka kama nimemtemea kwenye chai. "Usinitukane, mtoto wewe. Mimi nilipigiwa simu."

Akaondoka hata hajanywa. Baba akafuta mikono kwenye suruali, akachukua simu akampigia bibi. "Mama? Jumamosi inafaa?" Akasikiliza kidogo. "Ndiyo. Ndiyo, kanisani kwenu. Hapana, hatujaipata."

Nikamtazama. Hakugeuka.

Usiku nikafungua kompyuta. Nikaandika mahali na saa na ilivyokuwa inaonekana, vizuri kabisa, kama alivyonifundisha mama. Nikaandika Pascoe. Nikamwona mwalimu mkuu ananiita mbele ya shule nzima, wananipigia makofi, na mimi nimesimama nimeshikilia jina la baba kwenye kitu ambacho mama alikitafuta maisha yake yote. Nikasubiri moyo uniambie kitu. Haukuniambia. Nikafuta yote, nikalala, na nililala vizuri.

Jumamosi tulimzika mama nyuma ya kanisa la Kilutheri, upepo unapeperusha karatasi za nyimbo. Kishimo kilikuwa kidogo, kama cha kupanda mti. Baba alipiga magoti akamweka mwenyewe, akakaa vile mpaka bibi akamgusa bega.

Merv alikuja na suti inayonuka naftalini. Wakati wa keki akatuvuta pembeni, sahani mkononi.

"Imetangazwa jana," akasema. "Kuna mtu Brazili ameiona."

"Anaitwa nani?" baba akauliza.

"Azambuja."

"Aza nini?"

"Azambuja."

Baba akalijaribu mara mbili, polepole, kama mtu anayeonja chumvi. Bibi akasogea. "Nani huyo? Jamaa wa upande wa nani?"

"Hapana, mama. Ni mtu wa Brazili."

"Na amekuja? Amepata keki?"

Merv alikuwa analia, machozi yanadondokea kwenye keki, na sikujua analia kwa ajili ya nani. Nikamshikia sahani. Nilitaka kumwambia pole, badala yake nikaendelea kuishika tu mpaka alipomaliza kulia.