Chupa ya Wifi

Kwanza tuelewane kuhusu huyo wifi mtu. Udaktari wake aliupatia dirishani. Miezi mitatu alikaa kwenye dirisha la zahanati, kazi yake kuandika majina ya wagonjwa kwenye kadi, tena kwa mwandiko usiosomeka, mpaka wakamchoka wakamwondoa. Akaondoka na koti jeupe ambalo hakuna aliyempa. Tangu siku hiyo ukimwita Daktari anaitika, wala haoni haya.

Mke wa kaka yake alikuwa dobi wa hoteli, na huyo, tuseme ukweli, kazi yake aliijua. Mashuka yalipita mikononi mwake kutwa nzima, na doa lolote ulilompelekea alikuambia limetoka wapi. Hili kahawa. Hili mafuta ya nywele. Hili damu, ole wako ulitie maji moto. Macho yakishindwa, anatumia pua. Pua ikishindwa, anakilaza kitambaa mezani, anakigandamiza na pasi ya moto, ananusa mvuke. Mkojo uliobaki kwenye kitambaa, ukipigwa pasi, unajitaja wenyewe.

Sasa mwanamke mwenye pua kama hiyo akaenda kuukabidhi mwili wake kwa mtu wa dirishani! Akili alizipeleka wapi? Lakini mimba yake ya kwanza ilitoka ikiwa changa, na hii ya pili aliibeba kwa woga, kila kitu kikimshtua. Mwoga humsikiliza yeyote anayesema kwa sauti kubwa.

Mwezi wa tano alianza kuona ute umeongezeka kwenye nguo ya ndani. Mweupe, mwepesi, hauwashi, hauna harufu mbaya. Akamwambia mumewe. Mume, badala ya kumpeleka kliniki, akamwambia dada yake. Ndivyo alivyokuwa bwana huyo: hata kikohozi chake mwenyewe alikuwa hakikohoi mpaka dada akubali.

Wifi mtu akatua siku ileile, koti limepigwa pasi, mtandio wa buluu begani.

"Wifi yangu, huo ni uchafu," akasema, amekunja uso. "Mwanetu anaogelea ndani ya uchafu, nawe umekaa tu!"

Akatoa chupa kwenye mkoba. Dawa yake mwenyewe, anaichanganya mwenyewe, ya kujioshea kwa ndani asubuhi na jioni. Dobi akafungua kifuniko, akanusa. Harufu ile aliijua vizuri, kazini alikuwa anaivuta kila siku. Pua ikamwambia, na yeye akainyamazisha pua.

"Inachoma kidogo," alimwambia mumewe wiki iliyofuata.

"Dada anajua," mume akajibu, macho kwenye simu. "Yule amefanya kazi hospitali."

Hospitali! Dirishani, bwana, dirishani.

Miezi ikasogea hivyo. Mimba ilipofika wiki ya thelathini na mbili, dobi aliamka amelowa. Si ule ute. Maji, mepesi, maangavu, yanatoka kidogo kidogo bila kukoma. Kabla hajanywa chai alikuwa amebadilisha kitambaa mara tatu. Akampigia wifi yake.

Mnajua alijibiwa nini? Alipigiwa vigelegele!

"Si nilikwambia? Umesafika, wifi! Uchafu umekwisha, sasa yanatoka maji matupu. Na kama si hayo basi ni mkojo, mtoto amekalia kibofu. Ongeza dawa, iwe mara tatu kwa siku."

Dobi akaenda kazini. Naam, kazini, na maji yanamtiririka. Akakunja taulo kumi, mbili za mwisho akazikunja vibaya, jambo ambalo halijawahi kutokea. Akaingia chooni, akatoka na kitambaa, akakilaza mezani, akashusha pasi.

Mvuke ukapanda. Akainama, akanusa. Akanusa tena. Haukuwa mkojo. Wala haukuwa kitu chochote alichowahi kuletewa kwenye meza ile, na yeye alikuwa ameletewa kila kitu kinachotoka kwa binadamu.

Woga wa safari hii ulikuwa na faida. Alimpigia mumewe, mume akaanza, "Ngoja nimuulize da..." na hakumaliza, kwa sababu simu ilikatwa. Dobi akakitia kitambaa kwenye mfuko, akachukua teksi mpaka hospitali.

Mkunga alimlaza, akasikiliza kisa chote, tangu ute na kujiosha mpaka kitambaa na pasi, akamsikiliza mtoto, akampima taratibu. Chupa ya uzazi, ule mfuko wa maji anamokaa mtoto, ilikuwa imevuja. Akaita wenzake, zikaja sindano: za kuzuia maambukizi, na za kukomaza mapafu ya mtoto endapo atawahi kutoka.

"Mtoto yupo, moyo unapiga vizuri," mkunga akasema. "Lakini huondoki hapa. Sasa niambie, ule ute wa mwanzo ulikuwa unawasha? Ulikuwa wa kijani, au wenye harufu mbaya?"

"Hapana. Mweupe tu."

"Basi haukuwa ugonjwa. Mimba huongeza ute, mwili unajilinda. Ungewasha, ungenuka au ungekuja na damu, ungetuona. Ndani hakuoshwi, mama, unaondoa kinga na kukaribisha maradhi. Nani alikwambia ujioshe?"

Dobi akatazama ukuta. "Daktari."

"Daktari wa wapi?"

"Wa dirishani."

Mkunga hakucheka. "Na siku nyingine maji yakitoka, usipige pasi. Njoo hapohapo."

Mtoto alingoja siku kumi na mbili. Akatoka mdogo, wa kike, analia kwa hasira. Wakamfunga kifuani mwa mama yake, ngozi kwa ngozi, apate joto.

Ndipo wakaja mume na dada mtu. Koti jeupe, kama kawaida. Hajafika hata kitandani, alishawaeleza wazazi wawili wa vitanda vya jirani kwamba ni yeye aliyemkimbiza wifi yake hospitali. Kisha akakaa, mtandio ukaangukia kando ya kitanda, akamwinamia mtoto.

"Mbona ana tongotongo? Ninayo dawa." Mkono ukaingia mkobani.

Chupa ileile.

Dobi aliipokea kwa heshima zote. Akaifungua, akaishika ncha ya mtandio wa buluu, akamimina juu yake, polepole, kama anavyofanya kazini.

"We! Una wazimu?" wifi mtu akaruka.

"Subiri," dobi akasema. "Haichukui muda."

Wodi nzima ikatazama. Buluu ikaanza kufifia, ikawa kijivu, ikawa njano iliyochujuka, na mwisho pakabaki baka jeupe la ukubwa wa kiganja. Harufu ya dawa ya kung'arishia mashuka ikajaa pale kitandani.

Mume akakodoa macho. "Hii ndiyo ulikuwa unajioshea?"

"Asubuhi na jioni," dobi akajibu. "Nilinusa siku ya kwanza nikajua. Lakini ulisema dada anajua."

Mume akautazama mtandio. Akamtazama mwanawe, kichwa kidogo kimelala chini ya kidevu cha mama yake. Kwa mara ya kwanza maishani mwake hakumuuliza mtu.

"Dada," akasema, "vua hilo koti."