Juni Mosi ya Mwalimu Mkuu

Nilimfundisha mume wangu kila kitu. Naomba hilo lieleweke kabla sijaanza kujianika.

Kwa miaka kumi na mmoja tuliishi Texas tukisubiri kadi ya ukaazi wa kudumu. Mume wangu, Sambasiva, alikuwa akipima programu za kompyuta za hospitali, na kampuni yake ndiyo iliyotuombea kadi. Mimi nilikuja kama mke wa mfanyakazi, kwa visa isiyoniruhusu kupokea mshahara hata wa kumwagilia maua. Nina diploma ya ukutubi niliyoisotea Guntur, mji wa kwetu India, na maktaba hawakunipa. Basi nikatutengeneza sisi kuwa maktaba. Kila bili ya gesi, kila barua ya benki, kila risiti ya chanjo ya binti yetu Mounika niliitoboa matundu na kuipa lebo ya rangi. Faili lilifika kurasa mia nne na kumi na mbili. Mounika, ambaye alizaliwa hukuhuku na ni raia tangu pumzi ya kwanza, aliliita "mdogo wangu."

Mambo mengine yote yalisubiri. Tulikula juu ya meza ya kukunja tuliyoiokota kwa jirani aliyekuwa akihama, yenye mguu mmoja uliofungwa utepe wa gundi, kwa sababu meza ya maana tungenunua kadi ikija. Mapazia, kadi ikija. Mwembe uani, kadi ikija. Nani apande mti ambao huenda matunda yake yataliwa na mwenzake? Na ruhusa ya kazi ya Sambasiva ilikuwa inakwisha Agosti. Kadi ikikataliwa, wakili alituambia kwa upole wa daktari, tuanze kuulizia bei za masanduku.

Barua ya kuitwa kwenye usaili ilipofika, wakili alisema usaili wa kadi za kazi ni mwepesi: watamuuliza mume kuhusu kazi yake, watahakikisha mimi ni mke kweli, basi. Mimi sikumwamini. Kikundi chetu cha simu cha kina mama wanaozungumza Kitelugu, lugha ya kwetu, kilikuwa na habari nzito zaidi. Kuna mama alikuwa na binamu aliyeulizwa rangi ya mswaki wa mumewe. Kuanzia hapo kila asubuhi, kabla hajapata kahawa, nilimhoji.

"Mswaki wangu rangi gani?"

"Wa kijani."

"Wa kijani ni wako, Baba Mounika! Wangu zambarau."

"Basi mbona huo wa zambarau kila siku nautumia mimi?"

Siku hiyo nilinunua miswaki mipya.

Nilimfundisha pia kujibu kwa ufupi, maana mume wangu ukimuuliza saa atakueleza jinsi saa inavyotengenezwa. "Jibu ndiyo au hapana," nilimwambia. "Afisa akitaka zaidi, ataomba."

Usaili ulipangwa Ijumaa, saa tano kasorobo. Nilipoiona saa hiyo damu ilinikauka. Ijumaa, kuanzia saa nne unusu hadi saa sita, ni muda mchafu kwa hesabu ya nyota za kwetu. Muda huo mtu wa kwetu hatoki nyumbani kwenda kuanza jambo. Mama mkwe alithibitisha kwa simu kutoka Hyderabad, akaongeza kwamba amekwisha kulizunguka hekalu la waomba visa mara mia na nane, magoti yake yanawaka moto, kwa hiyo tusimwangushe. Kuahirisha usaili hakuwezekani. Nikapata ufumbuzi: tukiondoka nyumbani saa kumi na mbili unusu, safari itakuwa imeanza muda msafi, na huo muda mchafu utatukuta njiani tu.

Kwa hiyo tuliondoka saa kumi na mbili unusu, mguu wa kulia mbele. Ofisi ilikuwa mwendo wa dakika ishirini na tano. Tulikaa kwenye maegesho kwa muda wa karibu saa nne, ndani ya gari, tumevaa kama wageni wa harusi ya watu wengine.

"Wewe mwanamke," alisema Sambasiva, "ungekuwa mkuu wa majeshi, tungefika vitani kabla ya adui kuzaliwa."

"Kula wali wako."

Nilikuwa nimefunga wali wa ukwaju. Aliula, na bizari ikamwangukia kwenye shati jeupe, juu ya moyo kabisa, doa la manjano la ukubwa wa sarafu. Nililisugua kwa maji ya chupa. Likawa la ukubwa wa kisosi.

Afisa aliyetuita aliitwa Bwana Pruitt, mwanamume mnene mwenye miwani iliyokaa kwenye paji la uso muda wote, nisijue inamsaidia nini huko. Alituapisha tuseme kweli tupu. Nilinyanyua mkono wa kulia, na kwa kuwa wa kushoto ulikuwa umelibeba faili, nililinyanyua pia. Alilitazama.

"Hilo lote la nini, mama?"

"Ushahidi."

"Tutaona," alisema, na hakuligusa. Moyo wangu ulivunjika hapohapo, miaka kumi na mmoja ya ukutubi ikakaa sakafuni kama mbuzi wa kutolewa kafara.

Akamgeukia mume wangu. "Bwana, unafanya kazi gani?"

"Ndiyo," alisema Sambasiva.

"Nimeuliza kazi gani."

Mume wangu alinitazama. Nilitazama dari. "Napima programu," alisema hatimaye.

"Na baada ya kupata kadi utaendelea na kampuni hiyohiyo?"

"Ndiyo."

Hilo lilikuwa jibu zuri. Nilijisifu kimoyomoyo. Yalifuata maswali mengine manane, na kwa yote mwanafunzi wangu alijibu kama mlango: ulifunguka, ukafungwa. Kisha Bwana Pruitt akanigeukia mimi, kwa sauti ya mtu anayemaliziamalizia.

"Mama, mumeo alizaliwa lini?"

Katika maswali yote niliyomtesa nayo mume wangu, hilo halikuwemo. Nani angeuliza kitu kilichoandikwa kila ukurasa? Nikajibu kwa furaha, kwa haraka, kama mtoto anayejua:

"Novemba ishirini na moja, sabini na nane."

Chini ya meza kiatu cha Sambasiva kilitua juu ya kidole changu kidogo.

Bwana Pruitt alishusha miwani kutoka kwenye paji la uso mpaka machoni. Kumbe ndiyo kazi yake. Alitazama pasipoti, akatazama cheti, akanitazama mimi. "Hapa ni Juni mosi."

"Aa, Juni!" nilisema. "Ndiyo. Juni mosi. Hiyo nayo."

"Hiyo nayo?"

"Anazo mbili."

Nasimulia leo ninacheka. Siku ile niliona masanduku yamepangwa mlangoni, nikamwona Mounika akiuliza Guntur kuna joto kiasi gani. Mke ambaye hajui mumewe alizaliwa lini, mbele ya mtu aliyeajiriwa kutafuta wake wa uongo! Ningekuwa mimi ndiye afisa, ningejifukuza.

"Mama, mmeapa," alisema Bwana Pruitt, taratibu sana.

Ndipo Sambasiva akaasi mafunzo yangu yote. Alizungumza. Alieleza kwamba kijijini kwao hakuna aliyeandikisha mtoto siku ya kuzaliwa. Mama yake alikumbuka tu kwamba ilikuwa majuma matatu baada ya sikukuu ya taa, na mjomba mmoja akaihesabu tarehe. Shule ilipofunguliwa mwezi Juni alikuwa na miaka minne na nusu, na darasa la kwanza lilitaka mitano. Mwalimu mkuu, Bwana Kotayya, mtu asiyependa kurudisha mtoto nyumbani, alichovya kalamu akaandika Juni mosi. Cheti cha shule kilizaa cheti cha kuzaliwa, cheti kikazaa pasipoti, pasipoti ikazaa kila kitu.

"Si mimi tu, afisa," alisema. "Darasa letu tulikuwa arobaini na watatu. Thelathini na mmoja tulizaliwa Juni mosi."

"Thelathini na mmoja."

"Siku hiyo simu zetu huwa hazitulii kwa pongezi."

"Na kwenye fomu, panapouliza kama umewahi kutumia tarehe nyingine?"

"Niliandika hapana. Sijawahi kuitumia, afisa. Nimeila tu. Mke wangu hupika."

Bwana Pruitt hakucheka. Aliuliza kama tuna chochote cha kuonyesha. Nililifungua faili. Nilikuwa na bili ya maji ya kila mwezi wa ndoa yetu. Nilikuwa na dhamana ya jokofu ambalo lilishakufa. Kuhusu Novemba sikuwa na karatasi hata moja, mimi mkutubi, mama wa lebo. Nilizidi kupekua nikisema "subiri kidogo, afisa," mpaka yeye mwenyewe akanyoosha mkono akasimamisha ukurasa wenye lebo ya waridi. Picha. Nilikuwa nimeziweka ili kuonyesha tunapendana.

Zilikuwa kumi na moja, moja kila mwaka, na chini ya kila moja nimeandika kwa mwandiko wangu wa maktaba: kuzaliwa kwa Baba Mounika, Novemba 21, na mwaka. Katika kila picha kuna bakuli la tambi za maziwa, mimi nimefumba macho, na mume wangu ana nywele pungufu kuliko picha iliyotangulia.

Afisa alizipitia polepole. Akarudi mwanzo. Akagonga kwa kidole, si sura zetu, bali chini yake.

"Meza hii ni ileile?"

"Ndiyo," nilisema.

"Miaka yote kumi na mmoja? Na mguu uliofungwa gundi?"

"Ya maana tutanunua kadi ikija," alisema Sambasiva, nami nikataka ardhi inimeze.

Bwana Pruitt alirudisha miwani kwenye paji la uso. "Nimekaa kiti hiki miaka mingi," alisema. "Wanaokuja hapa kuigiza ndoa, tarehe ya kwenye karatasi wanayo kichwani kama sala. Hawaikosi kamwe." Akamsukumia mume wangu karatasi tupu. "Andika yote hayo, ya mwalimu mkuu na ya mama yako. Utie sahihi. Fomu tutairekebisha. Jibu silitoi leo, litakuja kwa posta."

Sambasiva aliandika kurasa tatu. Hakuna aliyemwambia afupishe.

Ndani ya gari, kwenye taa za pili, akanigeukia. "Mswaki wangu rangi gani?" aliuliza.

"Niache."

"Hapana, jibu. Ndiyo au hapana."

Siku kumi na tisa zilizofuata nilikimbilia sanduku la posta kama anayefukuzwa na nyuki. Mama mkwe alilizunguka hekalu tena, na safari hii tulipaswa kulipia mafuta ya magoti. Bahasha ilipokuja nilikaa chini kwenye ngazi nikaifungua kwa meno. Kadi mbili. Ya mume wangu inasema amezaliwa Juni mosi. Serikali mbili sasa zimemwamini Bwana Kotayya kuliko mama mzazi. Nililia hadi Mounika akaniletea lebo ya dhahabu nibandike.

Jumamosi tulikwenda kununua meza. Tuligombana kuhusu mwaloni na msonobari kwa saa mbili, tukachagua ya watu sita. Msichana wa dukani akauliza, kwa ajili ya punguzo la mwezi wa kuzaliwa, bwana amezaliwa lini.

Sambasiva alikunja mikono akanitazama. "Jibu wewe, mkutubi."

Nilimgeukia yule msichana. "Punguzo lenyewe," nilisema, "ni la waliozaliwa mwezi gani?"