Shavu la Kulia

Nimezaliwa na baka jeusi shavu la kulia, kuanzia chini ya jicho hadi tayani. Shuleni wananiita Ramani. Ndiyo maana katika picha zetu zote za familia nimekaa upande upande kama mtu anayechungulia dirishani. Shangazi yangu, dada yake baba, ndiye mpiga picha wa mtaa mzima, na tangu nikiwa mdogo wimbo wake kwangu ni mmoja: "Geuza kidogo, mwanangu."

Nilipotimiza miaka kumi na sita nilichoka. Nikaenda studio peke yangu, nikakaa kwenye kile kiti chake kinacholia kikizungushwa.

"Shangazi, leo uso mzima. Na usiniguse kwenye kompyuta."

"Hata chunusi?"

"Hata chunusi. Niahidi."

"Haya, mheshimiwa, nimekuahidi," akasema, akasogeza taa.

Niliitazama kamera kidevu juu. Akapiga, akanionyesha. Nilikuwa mimi, na nilikuwa mzuri. Nasema bila aibu. Nilirudi nyumbani nikiimba.

Wiki iliyofuata nilitoka shule nikakuta mama ameshaitundika picha yangu sebuleni, ndani ya fremu kubwa. Macho yalikuwa yangu, na kidevu changu. Shavu lilikuwa safi kama sahani iliyooshwa.

Sikuvua hata viatu. Nilikwenda moja kwa moja studio.

"Shangazi, uliahidi!"

Alikuwa anapangusa lenzi, na aliendelea kuipangusa. "Hapa kila uso unasafishwa, hata wa bwana harusi. Wako ningeuacha, haki tena. Lakini mama yako alinipigia simu. Ningemkatalia vipi wifi yangu?"

"Basi nipe ile ya kwanza."

"Nimeifuta, mwanangu. Aliniomba hilo pia."

La shangazi ningelimeza. Kazi yake ni kupendezesha watu. Lakini mama! Wahenga walisema kikulacho ki nguoni mwako. Changu kilikuwa kikinisuka nywele kila Jumamosi, na kuniambia sina kasoro.

Nilirudi maneno yamenijaa mdomoni. Nikamkuta na mgeni, jirani aliyehamia juzi nyumba ya pili, wanakunywa chai chini ya picha. Nikasalimia, maana adabu ni adabu. Jirani akanitazama, akaitazama picha, akatabasamu kwa nia njema kabisa.

"Kumbe una mabinti wawili! Na huyu wa ukutani yuko wapi?"

Nikamgeukia mama. Hasira zote zilinitoka. Nilitaka tu aseme neno moja, nami ningemsamehe palepale. Mama yangu, ambaye sokoni hakuna anayemuweza kwa mdomo, alichukua birika akamimina chai kwenye kikombe kilichojaa.

"Yuko shule ya bweni," akasema. "Huyu ndiye niliyebaki naye."