Vitambaa Vilivyonyimwa Pumziko

Ijumaa, tarehe 8 Novemba 2024. Mvua ilinyesha tangu alfajiri, ukungu ukafunika ziwa, na vitambaa vya meza tukavianika barazani.

Mimi hupanga meza katika nyumba ya wageni hapa mjini Baraka. Arlette ndiye mfuaji. Bosi wetu, Mama Godelieve, ana vitambaa vya zamu tatu: vya kwanza viko mezani, vya pili vinafuliwa, vya tatu vinalala kabatini siku kadhaa, uzi upumzike. Husema ndivyo kitambaa kinavyodumu.

Asubuhi hiyo aliinua kimoja dirishani. Mwanga ukapita kama kwenye chandarua.

"Arlette, we unamwaga Javel ya kutoa madoa bila kipimo! Hata mwaka haijaisha, angalia!"

"Mama, mi napima na kifuniko. Naapa."

"Basi ni panya ya Ubwari," Bertin mpishi alisema kutoka jikoni. "Ilivuka ziwa na pirogi, ikakuja kula."

Mama Godelieve akamwambia Arlette avue aproni, kazi yake imeishia leo.

Panya nilikuwa mimi. Kila Jumamosi nilichukua viwili vya kabatini, nikavitandika juu ya Meza ya Bwana kanisani kwetu. Watu walisema, "Mama Ketsia anamheshimu Mungu," nami nilipenda kusikia. Divai ikimwagika, niliondoa doa kwa Javel tupu, nikapiga pasi, na Jumatatu nikavirudisha kabla wengine hawajafika. Nilijiambia vinalala bure.

Nina miaka hamsini na miwili, na ninajifunza kusoma katika darasa la jioni. Mwezi wa tisa niliweza kusoma karatasi iliyobandikwa kabatini: "Usiguse. Vinapumzika." Nikapiga magoti, nikaomba msamaha. Jumamosi nikavichukua tena.

Arlette alikuwa anafungua aproni, fundo linamshinda. Nikaomba kimoyomoyo Mungu atume mtu mwingine wa kusema. Hakutuma.

"Mama Godelieve, mwache. Ni mimi."

"We? Mama ya maombi?" Bertin akatoka na mwiko mkononi.

Nikawaeleza yote, hata ile Jumamosi ya baada ya kusoma. Mama Godelieve akakaa.

"Kumbe mi napumzisha bitambaa, we unaipeleka kazi ya Jumapili."

"Ndiyo, mama."

Arlette hakunitazama. "Tena mimi nilikuwa nakuita dada," akasema. "Utasema na kule kanisani. Bote basikie."

Nikashika ukingo wa meza.

"Mbele yenu watatu, na mbele ya Mungu," nikasema kwa sauti, "Jumapili hii nitasimama kanisani, niseme vitambaa vilitoka wapi, na kwamba Arlette alikaribia kufukuzwa kwa kosa langu. Meza ya Bwana nitaitandika kitenge changu mwenyewe. Na kabati ile sitaigusa tena, mpaka Arlette anifungulie kwa mkono wake."