Karatasi ya Kisima

Jumatano, tarehe 8 Oktoba 2025. Asubuhi hiyo hapakuwa na umande Kwamsisi, na upepo mkavu uliwarushia vumbi jekundu watu waliozunguka shimo.

"Mwamba!" Sabiri alipiga kelele kutoka chini, futi arobaini. "Sururu inaruka tu. Hata unyevu hakuna."

Muhidini aliikaza kamba, midomo ikiendelea na dua. Tangu alfajiri alikuwa akimwomba Mungu jambo moja: maji yatoke kabla hajalazimika kusema.

Ni yeye aliyewasomea wanakijiji karatasi ya yule Mzungu mpimaji wa maji. Kijijini hapakuwa na mtu mzima mwingine aliyesoma Kiingereza darasa la jioni. Mahali pa shamba la Bi Rukaya paliandikwa "promising". Akawaambia, "Hapa maji yapo." Kwa neno hilo Bi Rukaya, mjane, aling'oa mihogo yake michanga yote, wachimbaji wapate pa kumwaga udongo.

Jana jioni ndipo alipokwenda kijiji cha jirani kumuuliza Mwalimu Josefina, aliyemfundisha darasa hilo, neno hilo hutumikaje.

"Ni la kitu chenye dalili njema," mwalimu alisema. "Kijana akicheza vizuri mazoezini, mwite hivyo. Akishabeba kombe, humwiti hivyo tena."

"Na asipolibeba?"

"Basi. Aliyemwita hivyo hakusema uongo."

Mpimaji hakusema uongo. Muhidini alirudi nyumbani akiikokota baiskeli.

Sasa, pale shimoni, Sabiri alivutwa juu, nywele nyeupe kwa unga wa mawe. "Msomi wetu," alisema akihema, "mwambie huyo Mzungu wako ashuke mwenyewe."

Watu walicheka. Bi Rukaya hakucheka.

"Muhidini mwanangu, karatasi ilisema nini hasa?"

Alichuchumaa mbele yake. "Ilisema panaelekea kuwa na maji, mama. Huenda. 'Yapo' niliongeza mimi."

Kicheko kilikatika. Mtu mmoja alitema mate pembeni.

"Neno halinyweki," Bi Rukaya alisema taratibu, akitazama lundo la udongo lililofunika matuta yake. "Wala halichemshwi likaliwa."

Muhidini alitafuta dua, asiipate kwa lugha yoyote. Akasimama.

"Nisikieni nyote. Sabiri, na wewe nisikie. Mihogo yangu ya bondeni, kuanzia leo, ni ya Bi Rukaya, mpaka atakapovuna yake tena. Nikigeuka, nileteni hapa mbele ya watu mniulize."