Plasta kwenye Dashibodi

Mimi ni mwoga, na sioni haya kulisema. Wenzangu huogopa nyoka na wezi. Mimi niliogopa usukani. Leseni niliipata nina miaka hamsini na minane, tena kwa shingo upande, kwa sababu mume wangu alipangiwa upasuaji wa macho na nyumbani hapakuwa na dereva mwingine. Mwalimu wa udereva alinifundisha miezi miwili, muda wote ameshikilia mlango kwa mikono miwili.

Siku ya kumtoa mzee hospitalini niliendesha peke yangu kilomita arobaini, dua mdomoni. Nilimkuta amekaa kitandani, jicho la kulia limefunikwa kwa pamba na plasta, la kushoto likisubiri zamu yake. Daktari akanivuta kando.

"Mama, mshono bado mbichi. Asiiname, na gari lisimrushe. Akipata kishindo kikubwa, jicho hilo tunaweza kulipoteza."

Nikamfunga mkanda taratibu, kama mtu anayepakia trei ya mayai.

Kwenye dashibodi ya gari letu pana kipande cha plasta. Mzee alikibandika mwenyewe mwaka jana, juu ya kitaa cha njano kilichokuwa hakizimi. Nilipouliza ni cha nini, alisema ni cha redio, na redio yenyewe ilikwishakufa. Nani angembishia? Alikuwa ameendesha mabasi na malori kwa miaka thelathini na tano. Ya jikoni nilibishana naye, ya watoto nilibishana naye, ya gari niliitikia tu. Hata mjukuu wetu, tunayemwita Chiriku kwa sababu hafungi mdomo, ni babu yake aliyempeleka shule kila asubuhi. Mtoto alikaa mbele na walikuwa na mchezo wao: ataje kila anachokiona njiani, taa nyekundu, taa ya kijani, mama anavuka, baiskeli hiyo, na babu amsifu. Mimi nilijigamba kwa majirani kwamba mjukuu wangu anajifunza alama za barabarani angali na miaka saba.

Tulifika kwenye mteremko mkubwa saa sita mchana. Pale wanatengeneza barabara. Ile ya zamani, iliyokuwa inapinda kulia, wameikata, pamebaki shimo la kutisha, na magari yanapita mchepuko wa udongo upande wa kushoto. Asubuhi nilikuwa nimepita pakiwa pakavu. Sasa boza lilikuwa limemwaga maji ya kutuliza vumbi, na vumbi limegeuka tope. Mbele yangu kulikuwa na tipa, nyuma yangu lori la mizigo.

Tipa likaingia dimbwini. Tope lote likatua kwenye kioo changu, paa!

Nikawasha waipa. Zikalitandaza lile tope kama siagi kwenye mkate, na kioo kizima kikawa chekundu. Nikavuta kijiti cha kurusha maji. Mota ikanguruma, maji hayakuja. Nikavuta tena na tena, hakuna kitu.

"Baba watoto, sioni!"

"Huoni nini?"

"Sioni mbele! Kioo kimejaa tope na maji hayatoki!"

Nyuma, lori likapiga honi. Nilijua nikikanyaga breki kwa ghafla kwenye ule utelezi litatupanda, na hata lisipotupanda, kishindo kitamaliza lile jicho. Nilikuwa nateremka mlima ndani ya gari lenye watu wawili na hapakuwa na jicho hata moja linaloona njia.

"Tulia, mama watoto," akasema. "Barabara hii naijua hata usingizini. Hicho kishindo kidogo cha sasa hivi ni kalvati. Hesabu hadi kumi, halafu kata kulia."

"Barabara wameikata! Kuna mchepuko!"

"Kata kulia, nakwambia!"

Kichwa changu kilijua kabisa kwamba kulia kuna shimo. Mikono yangu ilikuwa imezoea kumtii yeye. Nikaitazama hivi hivi, mikono yangu mwenyewe, ikizungusha usukani kulia.

Gari likagonga kitu kikalia kama debe tupu. Pipa! Yale mapipa waliyoyapanga ukingoni! Nikakanyaga breki kidogo kidogo kama nilivyofundishwa, mkono mmoja nimeukinga kifuani kwa mzee asiende mbele, nikafumba macho kulisubiri lori. Honi ikalia ndefu. Breki zikapiga kelele nyuma yetu, kisha pakawa kimya.

Wazo la kutoa kichwa dirishani lilinijia saa hiyo, lilipokuwa halina kazi tena. Nikachungulia. Pipa lilikuwa limelala, na toka tairi langu la mbele hadi ukingo wa shimo palibaki hatua moja. Mawe madogo yalikuwa bado yanaporomoka, na sikuyasikia yakifika chini.

Dereva wa lori akaja mbio na dumu la maji, amevimba kwa hasira.

"We mama, unaendesha au umelala?" Akaona jicho la mume wangu, akashusha sauti. "Aa, pole, mzee."

Akanirudishia gari nyuma mpaka mchepukoni. Akaosha kioo, akafungua boneti, akatikisa kichwa.

"Tangi la maji ya kioo kavu kabisa. Humu hamjaingia tone mwaka mzima. Kwani taa haikuwaka?"

"Taa gani?"

"Ya njano, hapo kwenye dashibodi. Ina picha ya kioo na maji yanaruka."

Nikaibandua plasta. Kitaa kilikuwepo, kinawaka, picha inaonekana waziwazi hata na mimi mwanafunzi ningeitambua.

Nikashukuru, nikateremsha gari mpaka tambarare, nikaegesha kando na kuvuta breki ya mkono.

"Uliniambia ni cha redio."

Vidole vyake vikachezea mkanda.

"Sikujua ni cha nini," akasema. "Ile picha sikuiona. Niliona unjano tu, nawe ulikuwa umeanza kuniulizauliza. Nikakifunika."

"Hukuona tangu lini?"

"Jicho moja tangu mwaka juzi. La pili, tangu Chiriku aanze shule."

Hofu ya kule mteremkoni ilikuwa imeanza kunishuka. Ikarudi, ikiwa kubwa kuliko ilivyoondoka.

"Na taa za barabarani? Na watu wanaovuka?"

"Chiriku alikuwa ananitajia," akasema kwa sauti ndogo. "Hakukosea hata siku moja."

Nikakumbuka ile wiki mtoto alipougua mafua, sauti ikamkauka kabisa. Kila asubuhi nilimfunga mkanda mimi mwenyewe, pale mbele, nikasimama mlangoni nikiwapungia mkono.